Majibu ya MGMT yakija "hakijaonekana kitu" msishangilie kwanza: jeni inayoibeba kansa ya ubongo mbele ya kemo

Mtu wa Pipeti (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nilitaka kuuandika tangu mwaka jana nikawa naahirisha tu, leo nimekuta mahali mtu kaweka picha ya majibu ya mama yake anauliza "unmethylated" ni nzuri au mbaya, alafu chini watu wamejipanga wanampa hongera. Nikasema hapana, ngoja nikae chini niandike.

Natanguliza kabisa, mimi sio daktari. Ni mtu wa maabara, kazi yangu PCR (kuzidisha vipande vya DNA ili vipimike) na kuosha vitu ambavyo wenzangu wameacha kwenye sinki. Anayetaka dozi amfuate daktari wake wa kansa. Na tunaongelea JENI sio JINI, maana najua kuna watu humu wakisoma kichwa cha habari haraka wataanza kukemea.

Ilianzia kwa mjomba wangu. Alianza kupoteza maneno, anakwambia nipe kile cha kuchotea sukari, neno kijiko limemkimbia, tukawa tunamtania kwamba uzee umewahi. Asubuhi moja ananyoa ndevu degedege likamwangusha bafuni. MRI, uvimbe upande wa kushoto, upasuaji, kinyama kikaenda patholojia, jibu glioblastoma, kansa ya ubongo, daraja la nne. Hakuna la tano. Daktari akashauri bloku (kile kinyama kikiwa kwenye nta) ipelekwe India wapime jeni inaitwa MGMT, tukachanga, ikaenda, baada ya wiki tatu PDF ikadondoka kwenye grupu la familia: "MGMT promoter methylation: not detected".

Mama mdogo akawa wa kwanza. "Alhamdulillah, hakijaonekana kitu." Zikafuata zile emoji za mikono. Na mimi simlaumu hata kidogo, sisi tumekuzwa na vipimo vya malaria, ukimwi na TB, kwetu neno "hakijaonekana" ni la kupikia pilau. Mimi nilikuwa kwenye daladala nimesimama nimeshika bomba, nasoma nashindwa niandike nini, maana kwa kipimo hiki mambo yamegeuzwa, kisichoonekana ndicho ulichokuwa unakiomba kionekane.

Sasa tulieni niwaeleze kwanini.

Dawa ya kemo inayotumika sana kwa glioblastoma inaitwa temozolomidi, ni kapsuli za kumeza. Ilitengenezwa Uingereza, chuo kikuu cha Aston pale Birmingham, timu ya Malcolm Stevens, miaka ya 80. Uzuri wake ni molekuli ndogo, inapita ule ukuta wa mishipa ya damu ya ubongo ambao dawa nyingi za kansa zinagonga zinarudi. Haihitaji ini kuiwasha, ikifika kwenye damu inajivunja yenyewe na kinachotoka kinabandika kikundi kidogo cha kemikali kinaitwa methili kwenye DNA. Kaboni moja na haidrojeni tatu tu. Inabandika sehemu nyingi, ila nyingi seli inazisafisha bila shida. Inayoua ni sehemu moja, kwenye herufi G, moja ya zile herufi nne za DNA, pale kwenye oksijeni ya namba sita, na hapo zinaenda kama asilimia tano tu ya methili zote. Yani unakunywa dawa nzima lakini kazi ya maana inafanywa na hiyo sehemu ndogo.

G kawaida inashikana na C. Ikiwekewa methili pale kwenye oksijeni ya sita inachanganyikiwa, seli ikija kunakili DNA inaiwekea T badala ya C. Sasa seli ina mafundi wake wa kukagua makosa ya kunakili, wanakuja wanaona G na T haziendani, wanakata upande mpya, wanatoa T. Lakini G mbovu ipo upande wa zamani, hawaigusi, wakijaza tena inaingia T ileile. Wanakata tena. Ni kama fundi umeme anabadilisha balbu kila siku wakati hitilafu ipo kwenye waya. Mwisho DNA inabaki na mapengo, mzunguko unaofuata wa kugawanyika inakatika pande zote mbili na seli inajiua. Hiyo ndio kemo inavyotakiwa kufanya kazi. Kumbe dawa haiui yenyewe, inawatumia mafundi wa seli kuua seli yao, hili jambo mimi lilinichukua muda kulikubali.

Hapo ndipo MGMT anapoharibu mchezo. MGMT ni jeni iliyopo kwenye kromosomu ya 10, karibu na mwisho wa mkono mrefu, inatengeneza protini ndogo ya amino asidi 207. Kazi yake moja tu: inapita kwenye DNA, ikikuta methili kwenye ile oksijeni ya sita inaing'oa na kuibeba yenyewe, kwenye amino asidi yake ya namba 145, sisteini. G inarudi kuwa G safi, kabla hata mafundi hawajafika. Dawa imepotea bure.

Na protini ikishabeba haiwezi kuitua. Imekufa, seli inaipeleka jalalani. Ndio maana mimi huwa nasema MGMT ni nyuki: akichoma mara moja amekwisha. Methili moja, nyuki mmoja. Kwaiyo swali lote la usugu kwa upande huu ni hesabu ya mzinga, seli ya uvimbe ina nyuki wangapi na inaweza kuzalisha wapya kwa kasi gani ukilinganisha na methili unazozimwagia.

Sasa kipimo. Kila jeni ina sehemu ya kuwashia, tuiite promota. Kwenye baadhi ya uvimbe hiyo promota ya MGMT imefunikwa na methili, jeni inazimika, mzinga hauzalishi. Hiyo ndio "imemethiliwa", na ndio habari njema, maana dawa ikija haina wa kuizuia. Kama haijamethiliwa, jeni ipo wazi, nyuki wanatoka.

Naona mtachanganyikiwa na haki yenu, maana methili ni ileile inatajwa mara tatu kwa kazi tofauti: dawa inabandika methili kwenye G kuua, MGMT inaing'oa, na methili za kwenye promota ndizo zinaizima MGMT yenyewe. Mwalimu wangu chuoni alituchorea ubaoni mara nne na bado nusu ya darasa tulifeli lile swali.

Nitaendelea, chaji inaisha.

Kipepsi

Nimeweka kiti mkuu. Endelea, nyuki wamenikaa kichwani.

Mzee wa Kilwa

Kijana umeeleza vizuri lakini mimi nataka namba. Hii habari ya kusema hii nzuri hii mbaya bila namba ni porojo.

Mtu wa Pipeti

Shikamoo mzee. Namba zipo.

Mwaka 2000 Manel Esteller na wenzake walichukua wagonjwa 47 wa uvimbe wa aina ya glioma waliopewa kamustini, dawa nyingine ya kemo, hii nayo inapiga oksijeni ileile. 19 promota ilikuwa imemethiliwa, 28 haikuwa. Kati ya wale 19, uvimbe ulipungua au kupotea kwa 12. Kati ya 28, mmoja. Mmoja mzee.

Alafu 2005 ndio ikaja kubwa. Roger Stupp, alikuwa Lausanne Uswisi, wagonjwa 573 wa glioblastoma, nusu mionzi peke yake nusu mionzi na temozolomidi. Wastani wa kuishi ukatoka miezi 12.1 ukaenda 14.6. Ukiangalia hivyo utasema hiyo ni nini sasa, miezi miwili na nusu? Lakini Monika Hegi wa hukohuko Lausanne akachukua vinyama vya wale ambao sampuli zao zilipimika, 206, akapima MGMT. Asilimia 45 zilikuwa zimemethiliwa. Akawagawa. Waliomethiliwa wakapata mionzi na dawa: miezi 21.7. Waliomethiliwa wakapata mionzi tu: 15.3. Sasa wasiomethiliwa, mionzi na dawa 12.7, mionzi tu 11.8.

Ule wastani wa 14.6 ulikuwa umechanganya watu wa aina mbili kwenye sufuria moja. Kuna kundi dawa inawabeba kweli, baada ya miaka miwili karibu nusu yao, asilimia 46, walikuwa bado hai, na kuna kundi dawa inapita kama maji juu ya jani la mgomba.

Mzee wa Kilwa

Marahaba. Hapo sawa. Sasa huyo wa 12.7 kwa 11.8 kwanini anauziwa dawa?

Jiko la Mkaa

Hilo ndio swali langu pia, maana hizo kapsuli sio bei ya panado. Watu wanauza kiwanja kwa ajili ya kitu ambacho kipimo kishasema hakifanyi kazi, huu si wizi huu??

Mtu wa Pipeti

Hapana msiende huko haraka. Kwanza 12.7 sio 11.8, kwa hao hao wasiomethiliwa waliokuwa hai baada ya miaka miwili walikuwa karibu asilimia 14 kwa waliopata dawa na chini ya 2 kwa mionzi tu. Wachache lakini wapo na huwezi kujua mapema ni nani. Pili kipimo chenyewe sio msumeno, hiyo nitaieleza maana ndio kazi yangu. Tatu, daktari akimnyima hii ana nini kingine mkononi? Kwa mtu wa umri wa kati aliye na nguvu wengi watampa hata kama haijamethiliwa. Kwa wazee hesabu inabadilika kidogo.

Ila nakubaliana na wewe kwamba familia ziambiwe mapema, kabla ya kiwanja. Sisi hatukuambiwa. Tulipewa PDF na risiti.

Sista_Bonde

Habarini, mimi ni nesi, nipo Ujerumani mwaka wa saba sasa, nimefanya kazi wodi ya mishipa ya fahamu. Hilo la wazee niruhusuni nimsaidie mwanzisha uzi. 2012 yalitoka majaribio mawili, moja la hapa Ujerumani na lingine la nchi za Nordiki, wagonjwa wazee, wakawekwa wengine temozolomidi peke yake wengine mionzi peke yake. Mzee ambaye MGMT imemethiliwa alifanya vizuri zaidi na kapsuli, ambaye haijamethiliwa kapsuli peke yake zilimwangusha, heri mionzi. Kwaiyo kwa bibi wa miaka 75 dhaifu hicho kipimo kinaweza kuamua asisumbuliwe na kitu gani. Baadaye 2017 wakaonesha mionzi mifupi ya siku 15 ukiongeza na kapsuli inasaidia wazee, waliomethiliwa wakafika miezi 13.5 dhidi ya 7.7.

Na kuna jingine la hapa hapa, 2019, wale waliomethiliwa wa chini ya miaka 70 wakaongezewa lomustini, kemo nyingine, juu ya temozolomidi, wastani ukawa miezi 48 dhidi ya 31. Lakini wagonjwa walikuwa 129 tu na damu ilikuwa inashuka vibaya, madaktari wa hapa wengine wanaitumia wengine wanakunja uso.

Otieno wa Milimani

Niko Kisumu, salamu kwa wote. Wacha niulize swali la kijinga. Kama huyo nyuki anakufa akidunga mara moja, si mngemwaga dawa nyingi mpaka mzinga uishe? Ama mpatie mgonjwa kitu ya kuua nyuki kwanza halafu dawa ndio ifuate? Hii kitu naona inasolviwa tu na hesabu ya darasa la tano.

Mtu wa Pipeti

Kaka hilo sio swali la kijinga, hilo ndilo walilofikiria wanasayansi karibu miaka 20 na likawashinda.

La kwanza, kumwaga dawa nyingi. Kawaida mgonjwa anakunywa dozi ndogo kila siku kwa wiki sita za mionzi, alafu baadaye siku tano kila baada ya siku 28. Wakasema hebu tubane siku, tumpe siku 21 kati ya 28 ili nyuki wasipate muda wa kuzaliana. Jaribio kubwa, wagonjwa 833, likatoka 2013. Hakuna faida. Waliomethiliwa hapana, wasiomethiliwa hapana, uchovu na damu kushuka ndio viliongezeka.

La pili, kuua nyuki. Ipo kemikali inaitwa O6-benzilguanini, unaweza kuiita nyuki bandia wa kuchomwa, MGMT inaing'ang'ania ikidhani ni ile G mbovu na kufa. Maabara inafanya kazi safi kabisa. Kwa binadamu tatizo MGMT sio ya uvimbe peke yake. Kila seli yako inayo, na uboho wa mifupa inakotengenezwa damu hauna nyingi, ukiwamaliza hao wachache kemo inaufyeka uboho, seli nyeupe chini, chembe sahani chini, mgonjwa anavuja damu puani. Wakalazimika kupunguza dozi ya temozolomidi, ukipunguza dozi ndio hivyo tena uvimbe unacheka. Walipojaribu kwa watu ambao glioblastoma ilisharudi na imekuwa sugu haikurudisha nguvu ya dawa.

Kuna watu kule Seattle wakaja na ujanja ambao mimi nikiufikiria nacheka peke yangu. Wakachukua seli mama za damu za mgonjwa, wakazipandikizia MGMT iliyobadilishwa amino asidi moja isiyodanganyika na benzilguanini, wakazirudisha mwilini. Sasa uboho una nyuki wa chuma, uvimbe una nyuki wa kawaida, mwaga sumu zote mbili. Wagonjwa walikuwa wachache mno, saba, na walivumilia kemo vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Lakini fikiria gharama, kila mgonjwa anatengenezewa damu yake.

Hata disulfiramu, ile dawa ya kuwaachisha walevi pombe, ilionekana maabara inaiangusha MGMT. Sweden na Norwe wakaijaribu kwa glioblastoma iliyorudi, haikusaidia na madhara yakaongezeka.

Otieno wa Milimani

Ai. Sawa nimenyamaza.

Tabibu Asili

Ndugu zangu mnateseka na mizungu, kuna mizizi naitoa Handeni inasafisha sumu zote mwilini pamoja na hiyo methili. Njooni inbox.

Mtu wa Pipeti

Mzee wangu kwa heshima zote, umesoma uzi? Kusafisha methili ndiyo kazi ya MGMT. Ukileta kitu cha kusafisha methili umeungana na uvimbe.

Kipepsi

😂😂😂 nimedondosha simu

Binti Kibaha

Naomba niulize kwa upole. Mama yangu alifanyiwa upasuaji mwezi uliopita, ameanza kapsuli na mionzi wiki ya pili sasa. Majibu ya MGMT hayajatoka. Wamempa na septrini, jirani kaiona mezani kaanza kusambaza maneno mtaani kwamba mama ana ngoma, mpaka shangazi kapigiwa simu Morogoro. Septrini inahusiana nini na ubongo? Na je tungojee majibu ndio aendelee?

Sista_Bonde

Pole sana dada. Septrini ni kinga ya homa ya mapafu inayoitwa pneumosistisi. Temozolomidi ikichanganywa na mionzi inashusha limfosaiti, seli nyeupe za kinga, na deksa ya kupunguza uvimbe wa ubongo nayo inashusha kinga, ndio maana wanapewa septrini. Ni vijidudu vilevile vinavyowasumbua wenye VVU ambao kinga imeshuka, kwaiyo jirani kaona kidonge tu hajaona sababu. Mwambie shangazi hivyohivyo.

Msisimamishe dawa kungoja majibu, hilo ni la daktari wenu na wengi wanaanza kabla majibu hayajarudi, uvimbe huu haungoji. Kapsuli ameze tumbo likiwa tupu, wengi wanameza usiku baada ya dawa ya kichefuchefu, na msizifungue kapsuli mkachanganya na uji, ule unga mnavuta nyie wote. Damu ipimwe kila wiki.

Binti Kibaha

Asante dada. Uji tulikuwa tumeshafanya mara mbili. Tunaacha leo.

Mtu wa Pipeti

Binti pole. Na kwa vile majibu yenu yako njiani ngoja niseme la kipimo.

Promota ya MGMT ina kile tunaita kisiwa cha CpG, yani pale C inapofuatiwa na G, sehemu 98 zinazoweza kubeba methili. Maabara haipimi zote 98, inachagua kadhaa. Maabara nyingine inatumia PCR ya ndio au hapana, inakupa neno moja tu. Nyingine inasoma herufi moja moja na kukupa asilimia, mfano 4, 12, 50. Alafu kila maabara ina mstari wake wa kusema kuanzia hapa ni "imemethiliwa", na mistari haifanani. Mgonjwa wa asilimia 9 kwa maabara hii ni ndio, kwa ile ni hapana. Kuna ukanda wa katikati ambao ukiniuliza mimi neno moja halitoshi kabisa.

Alafu kuna kinyama chenyewe. Uvimbe huu una sehemu zilizokufa, kama aliyekata kinyama alikata pale pasipo na seli hai, au kakata pembeni ambapo ni ubongo usio na kansa, unapima nyama isiyo ya uvimbe. Seli nzima za kawaida promota yao ipo wazi, kwaiyo zikiwa nyingi kwenye bloku zinakuletea "hapana" ya uongo. Formalini nayo, ile dawa ya kuhifadhia kinyama, kuna sehemu wanatumia isiyo na bafa, au kinyama kinalala kwenye ndoo wiki nzima kwa kuwa mtu wa patholojia yuko likizo, DNA inavunjika vipande vipande. Kipimo cha methili kinaanza kwa kuichemsha DNA na baisalfaiti ambayo nayo inaikatakata, ukianza na takataka unamaliza na takataka. Nimewahi kupokea bloku nikaishia kuandika "haipimiki" na najua huko mwisho wa ile barua kuna familia imechanga.

Sasa ya mjomba nilikuja kujua baadaye kwamba ripoti ilikuwa ya ndio au hapana. Sikuwahi kujua ilikuwa asilimia ngapi. Hilo bado linanikera.

Mzee wa Kilwa

Na huyo ambaye imemethiliwa, dawa ikafanya kazi vizuri, mbona nao mwisho uvimbe unarudi?

Mtu wa Pipeti

Mzee unauliza kama mtahini wa nje.

Kumbuka nilisema dawa inawatumia mafundi wa kukagua makosa. Uvimbe ni mamilioni ya seli zisizofanana. Ukimwaga temozolomidi miezi sita, zile ambazo MGMT imezimwa zinakufa, lakini ikitokea seli moja mafundi wake wameharibika, jeni kama MSH6 ikipata hitilafu, basi G mbovu inabaki pale, T inakaa nayo, hakuna anayekata, hakuna anayelalamika. Seli inaishi na makosa yake na inazaa watoto wenye makosa. Uvimbe unaorudi baada ya temozolomidi mara nyingine unakutwa na maelfu ya mabadiliko ya DNA, na muhuri wake unajulikana, C kuwa T, ni alama ya dawa yenyewe. Hapo MGMT hata iwe imezimwa kiasi gani haina habari.

Ndio maana nasema ukitaka dawa ifanye kazi unahitaji vitu viwili kwa wakati mmoja, nyuki wasiwepo na mafundi wawepo. Kuna kitu kinanifurahisha hapa, Nobeli ya kemia ya 2015 ilienda kwa watu watatu wa ukarabati wa DNA. Tomas Lindahl, Msweden, ni katika watu walioonesha zamani, kwenye bakteria, kwamba methili inahamishiwa kwenye protini yenyewe na protini ndio basi tena. Paul Modrich ndiye bingwa wa wale mafundi wa kukagua. Wa tatu Aziz Sancar, Mturuki, yeye njia nyingine. Yani pande mbili za tatizo la mjomba wangu zilikuwa zimesimama jukwaa moja Stockholm.

Na yote yalianzia kwa bakteria wa tumboni, E. coli. 1977 Leona Samson na John Cairns waliona ukiwazoesha bakteria dozi ndogo ya sumu ya methili baadaye unawamwagia dozi kubwa wanadunda tu. Hii silaha ya kansa ni ya kale kuliko kansa.

Sista_Bonde

Naongeza moja kabla sijaingia zamu. Waliomethiliwa MRI ya kwanza baada ya mionzi inaweza kuonekana mbaya, uvimbe unaonekana umekua, kumbe ni seli zinakufa na maji yamejaa. Wanaita kukua kwa uongo, na kunatokea zaidi kwa hawa hawa ambao dawa inawafaa. Nimeona familia inakata tamaa na kuondoka na mgonjwa wiki hiyo. Ulizeni daktari kama ipigwe tena baada ya wiki kadhaa kabla hamjabadili chochote.

Jiko la Mkaa

Mwanzisha uzi, mjomba aliendelea vipi? Kama unaweza kusema.

Mtu wa Pipeti

Alipata mionzi 30 na kapsuli. Miezi mitatu ya kwanza maneno yalirudi, kijiko akakiita kijiko, akawa anatusuta kwamba tulimwita mzee. Mwezi wa nane tukapiga MRI nyingine ikawa imevuka kwenda upande wa pili. Alifariki mwezi wa kumi na moja tangu lile degedege la bafuni.

Mama mdogo hadi leo hajui kwamba ile siku ya PDF alishangilia jambo la kinyume. Mimi sikumwambia, nikaandika "Amina" kwenye grupu nikashuka kituo kisicho changu.

Jiko la Mkaa

Daa. Pole mkuu. Nafuta lile neno la wizi.

Binti Kibaha

Wakuu nimerudi, zimepita siku tano. Nimeongea na daktari wa mama, nimemwonesha huu uzi kwenye simu, amecheka sana kwenye nyuki lakini akasema ndivyo ilivyo. Bloku ilienda na aliyeikagua alihakikisha wamechagua sehemu yenye seli hai. Nimemuuliza maabara inatoa asilimia au neno tu, amesema hajui, atawaandikia.

Mtu wa Pipeti

Safi sana dada. Wakijibu neno tu, mwambie aombe asilimia na aombe waandike wamesoma CpG zipi. Zikija weka hapa, ila futa jina la mama na namba ya hospitali kwanza.